Baba, unamwachia nini mwanao na unabaki na nini?

Msafiri_wa_Usiku (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Sisi akina baba kutafuta tunajua, kulinda tunajua, kukemea ndiyo usiseme. Kuachia hakuna aliyetufundisha. Mtoto akiwa mchanga kila mtu ana ushauri wake: mchunge, mshike mkono, usimpe mgongo. Akifika miaka kumi na nne, washauri wote hawaonekani, na baba anabaki na mbinu zilezile za kulea mtoto wa miaka mitano mbele ya mtu anayekaribia kumzidi kimo.

Niweke msimamo wangu mapema ili anayetaka kunipinga asisubiri. Baba anaachia maamuzi, moja baada ya jingine, na kazi hiyo inaanza miaka mingi kabla mtoto hajafunga begi kuondoka nyumbani. Anayesubiri siku ya begi atakuta kila kitu kinamtoka kwa mpigo, na maumivu yake yatakuwa makubwa bila sababu. Ila kuna kitu kimoja hakiachiwi kamwe: utayari wa mtoto kukueleza mambo yake. Huo ukipotea, hata akilala chumba cha pili ameshaondoka.

Hivi karibuni nilikuwa kwenye foleni ya matibabu. Mbele yangu kulikuwa na baba na kijana wa miaka kumi na sita hivi. Mhudumu wa dirishani akamwuliza kijana jina. Baba akajibu. Tarehe ya kuzaliwa? Baba akajibu. Unaumwa nini? Kijana akafungua mdomo, baba akamuwahi: "Kichwa, na usiku anatoka jasho." Kuanzia hapo mhudumu hakumtazama tena kijana, maswali yote yaliyofuata akayaelekeza kwa baba. Kijana akatoa simu akaiinamia.

Yule baba si mkali hata kidogo. Alimwekea mwanawe mkono begani muda wote, unaona kabisa mtu anayependa. Lakini miaka miwili ijayo kijana huyo ataingia kwa daktari peke yake, na hajawahi kueleza kwa mdomo wake kinamuuma wapi na tangu lini. Kuachia kunaanzia hapo dirishani, kwenye kunyamaza wakati jibu unalo. Ni jambo dogo sana kulisema na gumu ajabu kulifanya.

Sasa wapo wanaoamini kwamba mtoto akizoea sana kukumbatiwa na kubebwa atakuwa legelege, kwa hiyo baba aanze kumkazia mapema ili ajitegemee. Naona ni kinyume. Mwaka 1954 na 1955 mtafiti Mary Ainsworth alikuwa Uganda, akitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala kuangalia watoto wachanga na mama zao. Aliona watoto wakitambaa kwenda kuchunguza vitu, wakigeuka kumtazama mama, wakirudi, kisha wakiondoka tena. Kutoka kwenye kazi hiyo na ile ya John Bowlby likajengeka wazo la mzazi kuwa kituo salama: mtoto mwenye uhakika kwamba akirudi atakukuta, ndiye anayethubutu kwenda. Kwa hiyo mapenzi ya miaka ya mwanzo hayazuii uhuru wa baadaye. Ndiyo mtaji wake.

Nasi akina baba tuna sehemu yetu humo. Mwaka 2004 Daniel Paquette, mtafiti wa Montreal, alipendekeza kwamba baba mara nyingi ndiye anayemfungulia mtoto dunia ya nje: kumrusha juu, kupigana naye mieleka ya kucheza, kumwambia "jaribu tena", huku akimwekea mipaka asiumie. Aliyewahi kumshikia mtoto baiskeli kwa nyuma anaijua hali hiyo vizuri. Cha ajabu, baba huyohuyo aliyeuachia mkono wake kwenye kiti cha baiskeli bila kumwambia mtoto, mtoto akifika ujana hataki kuachia hata uchaguzi wa masomo.

Kipimo cha lini uachie kipo, wala hakihitaji elimu kubwa. Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliandika juu ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano waliosaidiwa kujenga piramidi ya vipande vya mbao. Msaada wa mkubwa waliufananisha na jukwaa ambalo mafundi hulisimamisha kando ya jengo na kulibomoa jengo likishasimama. Wood baadaye alilifafanua zaidi: mtoto akikwama, ongeza msaada kidogo, akiweza, punguza mara moja. Wengi wetu sehemu ya kwanza tunaiweza. Hiyo ya pili, ya kupunguza akishaweza, ndiyo inatushinda. Mtoto ameonyesha anaweza kuamka mwenyewe na kuwahi shule, na bado tunamgongea mlango kila asubuhi, halafu tunalalamika kwamba hajitegemei.

Kwenye ujana mambo yanakuwa magumu kweli, na hapa sitaki kumdanganya mtu. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga na kujizuia, inaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari. Wenye miaka 13 hadi 16 walijitosa kwenye hatari zaidi walipokuwa na wenzao kuliko walipocheza peke yao, na watu wazima hawakubadilika kwa kiwango hicho. Ndiyo maana mimi nyumbani swali la "utarudi saa ngapi" nimelipunguzia uzito. Nauliza "unakwenda na nani, na mmoja wenu akiharibu mtafanyaje?" Halafu nasikiliza jibu. Kijana mwenye jibu, mwachie aende. Asiye na jibu, kaa naye mlitafute, kisha aende.

Halafu kuna suala la upelelezi. Mwaka 2000 Håkan Stattin na Margaret Kerr walitoa utafiti wa vijana wa miaka 14 wa Uswidi na wazazi wao. Wazazi waliojua mengi kuhusu watoto wao hawakuyapata hasa kwa kuhoji wala kwa kubana. Waliyajua kwa sababu watoto wenyewe waliwaambia. Fikiria hilo kabla hujashika simu ya mwanao akiwa bafuni.

Nimalizie upande wetu, maana tukisema "naogopa usalama wake" hatusemi yote. Kwa miaka mingi baba anajulikana kwa anachofanya: analipa, anapeleka, anarekebisha, anaamua. Siku mtoto anaanza kujirekebishia mambo yake, baba anajiona kama ameachishwa kazi. Hapo ndipo anatafuta sababu ya kuitwa. Anakosoa namna kijana alivyopanga safari, anatia shaka kazi aliyoichagua, anapiga simu kuuliza jambo analolijua. Mimi naona ni vizuri mtu ajiulize akiwa peke yake: hofu hii ni ya usalama wake, au ni ya nafasi yangu? Majibu mawili hayo yana dawa tofauti. La kwanza unalizungumza na mtoto. La pili usimtwishe mtoto hata kidogo, tafuta rafiki wa rika lako uongee naye.

Na jamani, tutofautishe kuachia na kususa. Kuna baba anayeachia kwa hasira: "Si umekuwa mkubwa? Haya, nenda, ukipigwa na dunia usije hapa." Huyo amegeuza uhuru kuwa adhabu, na amefunga mlango ambao mtoto angeutumia akikwama. Kijana wa namna hiyo akiharibu hatarudi kuuliza, ataficha, na kosa la siku moja litakuwa la mwaka mzima.

Karibuni tujadili. Wenye watoto wakubwa ndio nawahitaji zaidi.

---

Jicho la Tai

Mkuu, umeandika vizuri lakini mimi nakupinga waziwazi. Huo utafiti wa Uswidi unaweza kusomwa kinyumenyume. Mtoto mtulivu anamweleza baba yake kila kitu kwa sababu hana cha kuficha. Yule anayevuta vitu vya ajabu hawezi kueleza, hata baba awe mpole kama malaika. Kwa hiyo si kwamba maongezi yanaleta tabia njema, tabia njema ndiyo inaleta maongezi. Na huyo ninayemwogopa mimi ni yule asiyeeleza. Kwake sioni njia nyingine zaidi ya kumfuatilia.

---

Msafiri_wa_Usiku

Jicho la Tai, hoja yako ni ya haki, na hata watafiti wenyewe wamebishana sana juu ya hilo. Nakubali kwamba njia ni mbili: tabia inavuta maongezi na maongezi yanavuta tabia. Sijasema usiwe na sheria. Saa ya kurudi iwepo, na ukiona dalili za ulevi au kujiumiza, ingilia kati, hapo hakuna mjadala. Ninachokataa ni kufanya upelelezi uwe njia ya kila siku ya kumjua mtoto ambaye hajakupa sababu. Ukimpekua asiye na kosa, umemfundisha kuficha kabla hajawa na cha kuficha.

---

Mama Pacha

Naomba niingie japo mada ni ya akina baba. Nina pacha, wa kike na wa kiume, umri mmoja mpaka dakika. Mume wangu ni mtu mzuri mno, lakini uhuru anaoutoa hauendi kwa kipimo cha huyo bwana wa piramidi za mbao. Unaenda kwa jinsia. Wa kiume akisema nakwenda, anaulizwa una nauli? Wa kike akisema nakwenda, anaulizwa wapi, kwa nani, nani atakuleta, na kwa nini usiende kesho. Na ukweli wa nyumba yetu ni kwamba binti ndiye mwenye akili ya safari: anaandika namba za watu muhimu kwenye karatasi simu ikizima, anaangalia usafiri wa mwisho ni saa ngapi. Kaka yake amepoteza funguo mpaka tumeacha kumpa.

Nimemwambia baba yao: hatari za msichana ni za kweli, sizikatai. Lakini hatari zikiwa kubwa zaidi, mazoezi yawe mengi zaidi, siyo machache. Ukimfungia mpaka miaka kumi na minane, siku hiyo atatoka akiwa mgeni wa dunia, na hatari zote ziko palepale zinamsubiri.

---

fundi_saa

Mama Pacha umemaliza. Hapo kwenye mazoezi mengi zaidi nimepasoma mara mbili.

Mimi niongeze upande ambao haujaguswa. Mwanangu ana ulemavu wa akili, ana miaka kumi na tisa. Kwa watu kama sisi, habari ya "miaka kumi na minane ni mtu mzima" haisaidii kitu. Lakini na mimi naachia, kwa ngazi zangu. Sasa hivi anachagua nguo zake mwenyewe. Rangi hazilingani kabisa, wageni wanatazama, na mimi nanyamaza. Anakwenda dukani na karatasi yenye mchoro wa kitu anachotaka, mimi nasimama mbali kiasi cha kumwona. Mwanzoni nilisimama naye kaunta, kisha mlangoni, sasa ng'ambo ya barabara. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ibara ya 5, unasema mzazi aongoze kulingana na uwezo wa mtoto unaoendelea kukua. Uwezo, mkuu, haikutajwa miaka. Hilo limenisaidia kuacha kumlinganisha na wenzake wa rika lake.

Ila swali la nani atakayekuwa ng'ambo ya barabara nikifa, hilo linanikosesha usingizi, na sijaona utafiti wa kulijibu.

---

Msafiri_wa_Usiku

fundi_saa, nimekaa na ujumbe wako kwa muda kabla ya kujibu. Hilo la mwisho sina maneno yake. Ila nadhani nawe umeshaanza kulijibu bila kujua: mwenye duka anamfahamu, majirani wanamwona akipita. Kadiri anavyojulikana na watu wengi bila wewe kuwa pembeni, ndivyo watu wa kumshika mkono wanavyoongezeka. Kama una ndugu unayemwamini, mwache naye kwa nusu siku, halafu siku nzima, ukiwa hai na mwenye nguvu, ili watakapozoeana usiwe umechoka.

---

Mwana wa Kwanza

Naandika kama mtoto, nina miaka ishirini na mbili. Baba yangu ananipenda, sina shaka. Nilipohama alitaka nimwashie ile programu ya kuonyesha nilipo. Nikawasha. Kila nikisimama mahali pasipo kwangu wala kazini, simu inaita: "Uko wapi?" Anajua nilipo, anauliza ili aone kama nitasema kweli.

Unajua nini kilifuata? Nikaanza kuiacha simu chumbani. Siendi kufanya uhalifu, nakwenda kukaa tu na marafiki. Sasa hivi baba ana picha sahihi kabisa ya simu yangu ilipo, na mimi hanijui. Mambo makubwa ya mwaka huu, pamoja na kuachana na mtu niliyedhani nitaoana naye, nimemweleza mjomba. Mjomba haniulizi niko wapi. Ananiuliza nikoje.

Siandiki kumshtaki. Nataka tu akina baba mjue upande wa pili wa hiyo ramani unaonekanaje.

---

Jicho la Tai

Mwana wa Kwanza, umenigusa pabaya kijana wangu. Mimi ndiye baba wa ramani. Naomba nikuulize kwa heshima, maana wangu hawezi kuniambia: baba yako angefanya nini ili uache kuiacha simu chumbani? Asijue kabisa ulipo? Akilala usiku hajui kama uko hai?

---

Mwana wa Kwanza

Hapana mzee wangu, kujua ajue. Ningependa tukae tukubaliane. Nikisafiri usiku nawasha mwenyewe na kumwambia nimefika. Siku za kawaida inazimwa. Na akinipigia, asianze na "uko wapi". Aanze hata na habari za mpira, habari ya gari lake lililoharibika, chochote. Mimi mwenyewe nitafika huko kwenye mambo yangu, ila nahitaji dakika kumi za kuzunguka kwanza. Baba akinihoji nafunga, akinipigia stori nafunguka. Sijui kwa nini iko hivyo, lakini ndivyo ilivyo, na wenzangu wengi wa rika langu wako hivyo.

Na kingine. Aniombe ushauri. Mara moja tu aniulize, "hivi wewe unaonaje hili?" kuhusu jambo lake la kweli, siyo la kunipima.

---

Mama Pacha

Hilo la kuombwa ushauri wanaume wasomewe kwa kipaza sauti.

---

Mlezi wa Jumamosi

Mimi niliachana na mama watoto, mwanangu anaishi kwake, kwangu anakuja mwisho wa wiki. Nyie mnazungumzia kuachia miaka kumi na minane, mimi naachia kila Jumapili jioni. Mwanzoni kila dakika nilitaka iwe ya maana: matembezi, zawadi, maswali ya shule na ya kwa mama yake. Mtoto alikuwa anarudi amechoka. Siku hizi tunakaa tu. Yeye anachora, mimi natengeneza redio. Maneno yanakuja yenyewe. Nakubaliana na kijana hapo juu: dakika za kuzunguka ni muhimu. Pia nimejikataza kabisa kumuuliza yanayoendelea nyumba ile. Akitaka kusema atasema.

Swali langu kwa mleta mada: anayekaribia ujana kama wangu ameanza kusema wikiendi fulani hataki kuja, ana mambo na marafiki zake. Mahakama imenipa siku hizo. Nifanyeje?

---

Msafiri_wa_Usiku

Mlezi wa Jumamosi, siku ni haki yako kisheria, lakini ukizidai kwa kijana kwa karatasi ya mahakama utampata akiwa amenuna. Maoni yangu: mkubali wikiendi hiyo aende kwa marafiki, na papo hapo mpange naye siku nyingine fupi ya katikati ya wiki, hata ya saa moja, yeye achague. Mama yake ajue kutoka kwako, asije akafikiri umesusa. Na mwambie mtoto wazi kwamba chumba chake kiko vilevile na funguo anayo, asijione kama mgeni wa kuomba ruhusa. Wale marafiki nao waalike siku moja. Vijana wa rika hilo wakipata nyumba ambayo baba hawahoji mlangoni, hujazana humo wenyewe, na gharama yake ni kelele tu.

Jicho la Tai, ukishaongea na wako uje utuambie imekwendaje. Ukianza na mpira, hakikisha mechi umeitazama, maana watajua.